Dole Gumba la Kitanda Kumi na Moja

Nilishuka masjala saa kumi na mbili kasorobo jioni, karatasi ya kuombea faili mfukoni na uongo tayari mdomoni. Ungeniuliza, ningekwambia nimetumwa. Hakuna aliyenituma. Kamati ilikuwa inakaa kesho yake asubuhi, mwenyekiti akasema faili la marehemu lipatikane, nami nikanyoosha mkono kama mtoto mwema darasani. "Nitapita kulichukua mimi." Wakanishukuru.

Ndani ya faili lile kulikuwa na karatasi moja niliyotaka kuitoa kabla hawajaiona.

Ngoja nianzie kwenye karatasi yenyewe.

Hospitali yetu ni ya kufundishia. Kwingine mgonjwa hutibiwa. Kwetu hutibiwa na kusomwa. Asubuhi Profesa anaingia wodini na msafara wa makoti meupe nyuma yake, wanasimama miguuni pa kitanda, na mtu mwenye ugonjwa unaoonekana vizuri anaitwa kesi nzuri. Hatukuona ubaya wa neno hilo. Tulikuwa tukipigiana simu kwa furaha: njoo wodi ya wanawake, kuna kesi nzuri. Mimi wakati huo nilikuwa daktari wa mazoezi, mwaka wangu wa kwanza baada ya chuo, na kazi yangu kubwa ilikuwa kumtafutia Profesa kesi nzuri.

Kitanda kumi na moja alikuwa kesi nzuri kuliko zote. Mwanamke wa miaka sabini hivi, mwembamba, mkimya, na bandama lililovimba mpaka likavuka kitovu. Bandama la mtu mzima hulisikii kwa mkono. La kwake ungelisikia hata ukiwa umefumba macho. Wanafunzi wa mwaka wa tatu walikuwa wanajifunza kupapasa tumbo wiki ile, Profesa akaniambia, "Kesho saa nne, wote ishirini na wawili. Hakikisha karatasi ziko sawa."

Karatasi zenyewe ni fomu moja tu. Juu imeandikwa kwa chapa: *Mgonjwa ameridhia kufundishiwa.* Chini kuna mstari wa saini, na kisanduku cha dole gumba kwa asiyejua kuandika. Bila fomu hiyo hakuna mwanafunzi anayeruhusiwa kumgusa mtu.

Nilimwendea jioni. Alikuwa amelala fofofo, amechomwa sindano ya maumivu nusu saa kabla. Ningeweza kurudi asubuhi. Lakini nilikuwa nimesimama tangu alfajiri, na pale wodini tulikuwa na msemo wetu, hawa bibi wote ni wa dole. Kwa hiyo nilitoa kidau cha wino mfukoni, nikaushika mkono wake uliolegea, nikachovya kidole gumba, nikakiviringisha kwenye kisanduku. Kushoto, kulia. Nikakifuta kwa pamba yenye spiriti. Hakuamka.

Naona aibu hata kuandika jinsi nilivyokifuta kwa makini.

Juu ya kitanda kile palikuwa na tangazo la wodi: WAGENI WOTE WAODOKE SAA KUMI NA MBILI JIONI. Mtu alikuwa ameichomeka ile N iliyokosekana kwa kalamu nyekundu, na pembeni akaandika 7/10. Tulicheka sana wiki ile, tukamshuku Sista wa zamu. Kwenye kabati la kitanda kumi na moja kulikuwa na miwani, na kando ya miwani kalamu nyekundu. Niliviona vyote viwili kwa macho yangu haya. Havikuniambia kitu.

Kesho yake saa nne walipanga mstari.

Kupapasa bandama kuna utaratibu wake. Unaanzia chini, karibu na nyonga ya kulia, unapanda kwa mshazari hadi chini ya mbavu za kushoto. Unamwambia mgonjwa, vuta pumzi. Akivuta, bandama linashuka kukutana na vidole vyako. Na kabla ya yote unapasha mikono joto, unaisugua, kwa sababu mkono wa baridi tumboni ni adhabu. Mimi ndiye niliyekuwa nawaambia hivyo siku zote. Siku ile tulikuwa tumechelewa, sikuwaambia.

"Vuta pumzi, bibi. Achia." Mmoja. "Vuta pumzi, bibi. Achia." Wa pili.

Yule mwanamke alitazama dari. Alipofika mwanafunzi wa kumi na saba, binti mwenye mkono mzito, bibi alinigeukia mimi, si yule binti. Akasema mara moja tu, kwa sauti ya chini, "Imetosha, mwanangu."

Nikamwambia, "Bado wa mwisho tu, bibi."

Walikuwa wamebaki watano.

Bandama lililovimba kiasi kile ni laini kama papai lililoiva. Saa kumi na mbili na nusu jioni ile ile alikufa, damu imejaa tumboni. Profesa alisema angekufa tu, leo au mwezi ujao, na huenda ni kweli. Mimi kwenye faili niliandika *ghafla*.

Binti yake ndiye aliyekuja kusaini kuchukua mwili. Katika kupekua karatasi akaiona ile fomu, akauliza wino huu ni wa nani. Mama yake alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kwa miaka thelathini na moja. Hakuwahi kuweka dole maishani mwake, alisema, hata alipovunjika mkono wa kulia alisaini kwa wa kushoto. Akaandika barua kwa uongozi. Ndiyo maana kamati. Ndiyo maana mimi, saa kumi na mbili kasorobo, nashuka ngazi za masjala.

Masjala yetu iko chini ya jengo, hakuna dirisha la nje. Kuna kaunta yenye kioo na tundu la kupitishia karatasi, na nyuma yake rafu za mafaili mpaka gizani. Mwenye mahali pale ni Mzee Faili, mtu mfupi mwenye hasira za karibu, anayejua faili lilipo kuliko anavyojua miwani yake ilipo. Nilitegemea kumkuta anafunga.

Hakuwepo.

Nyuma ya kioo alikaa mwanamke. Alikuwa ameinamia karatasi, amejifunika mabegani shuka la wodi, lile jeupe lenye mhuri wa bluu. Nikadhani ni mtumishi mpya anayesikia baridi. Taa moja ilikuwa inapepesa. Kulikuwa na harufu ambayo haina kazi hospitalini… harufu ya chaki.

Nikamsukumia karatasi yangu.

"Jina la mgonjwa?" aliuliza bila kuinua uso.

"Kitanda kumi na moja, wodi ya wanawake. Alifariki wiki iliyopita."

"Sikuuliza kitanda."

Nikafungua mdomo. Nilikuwa nimemtibu siku tisa, nimeandika kwenye faili lake asubuhi na jioni. Nikatafuta jina kichwani, nikapata bandama. Nikapata vipimo vya damu. Jina halikuwepo.

"Nimelisahau, mama."

"Ulilijua lini?"

Nilisikia masikio yangu yakipata moto, kama zamani nilipokuwa nikisimamishwa darasani bila kazi ya nyumbani. Alisogeza karatasi nyingine kwenye tundu. "Saini hapa."

Nikachukua kalamu iliyokuwa kwenye kaunta. Ilikuwa nyekundu. Nikaandika, haikuandika. Nikaisugua kiganjani, nikaipulizia. Kavu.

"Weka dole," akasema.

"Mimi ni daktari, mama. Najua kuandika."

"Hakuna aliyekuuliza."

Mkono ukatoka kwenye tundu ukakishika kidole changu gumba. Ulikuwa wa baridi… si baridi ya mtu aliyekaa chini ya jengo. Ulikichovya kwenye wino, ukakiviringisha juu ya karatasi. Kushoto, kulia. Kisha ukakifuta, taratibu, kwa pamba.

Kwa makini.

"Ameridhia," sauti ikasema, lakini haikuwa inasema na mimi. Ilikuwa inawaambia watu waliosimama nyuma yangu.

Taa ikazima.

Sikumbuki kulala. Ninachojua ni kwamba nilikuwa chali juu ya kitu kigumu, shati limefunguliwa vifungo, na gizani kulikuwa na kelele ya viatu vikisogea, vikipanga mstari. Mtu akakohoa. Mtu akafungua ukurasa wa daftari.

Mkono wa kwanza ukatua kwenye nyonga yangu ya kulia.

"Vuta pumzi."

Nikavuta. Ungefanya nini? Vidole vilipanda kwa mshazari, hatua kwa hatua, kama nilivyowafundisha, vikaingia chini ya mbavu za kushoto na kubonyeza.

"Achia."

Wa pili. Wa tatu. Hakuna aliyesugua mikono kwanza. Nilihesabu kwa sababu sikuwa na la kufanya jingine, na kwa sababu nilijua idadi. Wa tisa aliumiza. Wa kumi na mbili nilihisi kitu ndani kikilegea, kitu ambacho kwa mtu mzima hakipaswi kusikika. Hawakuwa wakatili. Hilo ndilo baya zaidi. Walikuwa wanajifunza tu, kwa bidii, na mmoja alikuwa anamnong'oneza mwenzake, "Umelisikia? Mimi sijalisikia vizuri."

Nikasema, "Imetosha."

Vuta pumzi.

Nikasema tena, "Jamani, imetosha."

Achia.

Nikasema mara ya tatu, na safari hii nililia.

Sauti yenye harufu ya chaki ikanijia karibu kabisa na sikio, bila hasira hata chembe.

"Bado wa mwisho."

Halafu mwanga wa tochi ukanipiga usoni. Mzee Faili alikuwa amesimama juu yangu na chupa ya chai mkononi.

"Dokta, umelewa?"

Nilikuwa juu ya meza yake ya kupangia mafaili, ndani kabisa, upande ambao huwezi kufika bila funguo. Nikamuuliza yule mama wa dirishani yuko wapi.

"Dirishani kuna mimi. Miaka kumi na tisa kuna mimi. Nimetoka dakika tano kufuata chai, narudi nakuta daktari kalala mezani kifua wazi. Ukitaka kulala si wana vitanda huko juu?"

Akasita. Akanusa. "Nani kaingia na chaki humu?"

Chini ya kichwa changu, mahali pa mto, palikuwa na faili. Lilikuwa lake.

Nililifungua chooni, mlango nimeupiga komeo. Fomu ilikuwepo. Dole lilikuwepo. Lakini ule mstari wa juu, *Mgonjwa ameridhia kufundishiwa*, ulikuwa umesahihishwa kwa wino mwekundu: herufi tatu za mwanzo za "ameridhia" zimekatwa, na juu yake, kwa mwandiko mzuri wa ubaoni, imeandikwa "haku".

Nyuma yake kulikuwa na fomu ya pili. Haina jina. Dole tu, lenye kovu linalolikata katikati. Kovu hilo nililipata nikiwa na miaka saba, kwa kopo la maziwa. Kwenye fomu hiyo hakuna aliyesahihisha kitu.

Sasa utadhani nilikoma. Mtu yeyote mwenye haya angekoma pale, angeenda moja kwa moja kwa mwenyekiti. Mimi nilizikunja fomu zote mbili nikazitia ndani ya soksi, nikatoka nazo getini, nikamsalimu mlinzi, na nyumbani nikazichomea kwenye sinki. Nilikuwa nimebakiza miezi minne nipate cheti changu. Hiyo ndiyo bei niliyomuuzia yule mwanamke, na sina namna nzuri ya kuisema.

Kesho yake kamati ikafungua faili, fomu hakuna. Binti akasema aliiona kwa macho yake. Mwenyekiti akamwambia kwa upole kwamba mtu akiwa msibani huona mengi. Yule binti hakubishana. Mwishoni alinifuata kwenye korido, kitambaa cheusi kichwani.

"Daktari, wewe ulikuwa naye mpaka mwisho. Mama alisema chochote?"

"Alikuwa amelala, dada. Hakusema kitu."

"Afadhali," akasema. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akanishukuru.

Miaka tisa imepita. Mkono huja kila siku jua likizama. Mmoja tu, mara moja tu. Unaanzia nyonga ya kulia, unapanda, unabonyeza, unaondoka. Nimepimwa kila kipimo kilichopo kwetu. Wenzangu wa picha za eksirei wameniambia ndani ni safi. Mke wangu anaamini ni vidonda vya tumbo na amenikataza pilipili. Nimepanda cheo, nafundisha, nami sasa naitwa mwalimu, na kila ninapowaambia wanafunzi wasugue mikono, nayakumbuka yote.

Mwezi uliopita mkono ulipobonyeza nilisikia kitu kikishuka kuulaki. Bandama la mtu mzima hulisikii kwa mkono.

Basi nikaenda kwa yule binti wa marehemu. Sasa ni mama mtu mzima, nywele zimeanza mvi. Alinikumbuka. Alinikaribisha mezani sebuleni, nami nikamwambia yote bila kumtazama: sindano, wino, pamba, mstari, soksi, sinki. Nilipomaliza alikwenda chumbani, akarudi na karatasi za daftari.

"Andika," alisema. "Kama ulivyoniambia. Halafu usaini jina lako."

Nikaandika kurasa tatu kwa kalamu yangu ya bluu. Yeye alikwenda jikoni kuzima jiko. Nikasaini. Nikamwita, nikamuuliza kama anaruhusu nitaje jina la mama yake, kwa sababu sasa nalijua, nalijua na la baba yake na la shule aliyofundisha. Akasema hapana. Ndiyo maana hulioni hapa.

Akavuta kiti akaanza kusoma. Alipofika ukurasa wa pili akanigeuzia karatasi.

Pale nilipoandika kwamba mama alisema *mara moja tu*, neno "moja" lilikuwa limekatwa kwa wino mwekundu, bado mbichi. "Tu" nalo limekatwa. Juu yake, kwa mwandiko wa ubaoni: *tatu*.

Pembeni, 7/10.

"Humu ndani hakuna kalamu nyekundu," dada alisema. "Zake zote tulimzika nazo."

Akaweka kidole kando ya lile neno "tatu".

"Ni mara ngapi, daktari?"

Huko juu nimeiacha ile "mara moja tu" kama nilivyoiandika kwanza, ili nawe uone ninavyosema uongo hata nikiwa natubu. Alisema kwa mwanafunzi wa kumi na saba. Alisema kwa wa kumi na tisa, akanishika koti. Alisema kwa wa ishirini na moja, na alikuwa analia.

"Mara tatu," nikamwambia.

Dirishani jua lilikuwa limeshazama. Nilijua kabla haujafika. Nikashika ukingo wa meza, na mkono ukatua kwenye nyonga yangu ya kulia, wa baridi kama siku zote. Safari hii nilikuwa na shahidi. Dada alilitazama shati langu likibonyea lenyewe, alama za vidole vinne zikipanda kwa mshazari hatua kwa hatua. Hakupiga kelele. Aliiweka chini karatasi, akainama mbele, akasema polepole, si kwangu.

"Mama. Imetosha."

Mkono ukasita.

Kwa mara ya kwanza katika miaka tisa, ulisita. Tulikaa hivyo, mimi na yeye, hakuna anayepumua, na chumba kizima kinanuka chaki.

Kisha vidole vikasogea juu kidogo, vikaingia chini ya mbavu zangu za kushoto, na sote wawili tukasikia ikisemwa, kwa upole, kama anavyoambiwa mtoto aliyechoka.

"Bado wa mwisho."